Jumamosi ya Mikwaju

Wewe uliyeoa kwenye ukoo mkubwa, sogea karibu, maana haya yangu utayaelewa bila kuelezwa mara mbili.

Mke wangu, Mama Nasra, ni bahili wa maneno. Kwenye kundi la WhatsApp la ukweni, ambako Shangazi Redio hutuma sauti ya dakika saba kumjulia hali mtu mwenye mafua, yeye huandika mstari mmoja, anazima data, anarudi zake jikoni. Wiki ile aliandika hivi: "Jumamosi tunamalizana na mkwaju. Njooni mapema." Hakuna aliyeuliza swali. Kila mtu aliweka dole gumba, na hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kwenda mbio, kwa sababu ukoo ule haujawahi kukubaliana jambo bila mabishano tangu niufahamu.

Nikueleze kwanza mwenye ujumbe alikuwa na maana gani. Uani kwetu kuna mkwaju mkubwa. Tuliukuta kiwanjani tulipokinunua, na fundi wa kwanza aliposema lazima ung'olewe ili msingi upite, nilimlipa hela ya kufika nikatafuta fundi mwingine. Nyumba yetu imekunja kona upande wa jikoni kwa ajili ya mti ule, na nikiambiwa nijenge upya leo, kona nitaikunja palepale. Mkwaju hauna haraka ya kukua. Huu wa kwetu, kwa unene wake, umeshawapa kivuli watu ambao wajukuu zao sasa ni wazee. Ni mti wa asili ya Afrika hii hii, ingawa Waarabu waliyaita matunda yake tende za India, na Wazungu wakalibeba jina hilo hilo wakalipinda kufuata ndimi zao. Jioni vijani vyake vidogo hujikunja vikalala, asubuhi vikafunguka. Nimekaa chini yake na watoto wote wawili walipokuwa wachanga, usiku wa joto umeme ulipokatika, na hakuna aliyelia kwa muda mrefu.

Msimu huu ulizaa mpaka matawi yakainama. Mama Nasra akapata oda ya juisi ya kicheni pati, akaona awaite ndugu zake waje kuangua, kumenya na kukamua. Kumalizana na mkwaju, kwake yeye, ni huko tu. Sasa ngoja nikutajie waliokuja.

Saa moja kasoro asubuhi bajaji ilisimama getini, akashuka Shangazi Redio, dada yake baba mkwe, na nyuma yake kijana mwenye msumeno wa injini. Shangazi ana imani yake kuhusu mikwaju. Pwani yote hii utasikia watu wakisema mibuyu na mikwaju ina wenyewe, usipite chini yake saa za magharibi bila kupiga hodi. Mtu yeyote akiugua nyumbani kwangu Shangazi huanza kwa kuuliza habari za mti. Idi wetu aling'oka jino la utotoni, ukaulizwa mti. Kwa hiyo aliposoma kwamba tunamalizana na mkwaju, alitokwa na machozi ya furaha, akaenda kutafuta fundi kwa hela yake mwenyewe, au tuseme alimpa fundi ahadi ya hela yangu.

"Mwanangu, mmefikiri la maana," akaniambia, amenishika mikono yote miwili. "Nimewaletea kijana mzuri. Bei ya kindugu."

Kijana mzuri alikuwa ameshaanza kumimina petroli.

Nilichukua kiti nikakiweka kwenye shina, nikakaa, nikaegemeza mgongo. Shangazi wa mke hapingwi kwa mdomo, wewe uliyeoa unalijua hilo. Unachoweza kufanya ni kukaa mahali ambapo msumeno hauwezi kupita bila kukuomba radhi.

Nikiwa hapo akaingia baba mkwe, na filimbi shingoni. Watoto wanamwita Babu Refa. Baba huyu ni Simba wa damu, na mkwaju anaoujua duniani ni mmoja, ule wa penalti. Ukimpa nafasi atakupeleka Cairo mwaka 2003, usiku ambao Simba waliwavua ubingwa wa Afrika Zamalek kwa mikwaju ya penalti, Juma Kaseja akiwa golini, naye atakuonyesha kila penalti kwa kutumia vikombe vya chai. Mama Nasra ni Yanga. Hadithi ya Kaseja ikiisha, baba yake humgeukia taratibu na kumkumbusha Pretoria, Aprili 2024, Yanga na Mamelodi Sundowns, sare tasa Dar, sare tasa kule, kisha mikwaju, tatu kwa mbili, safari ikaishia hapo. Mama Nasra hujibu kwa kutaja jina la Aziz Ki na lile bao lililokataliwa, na chakula kinapoa. Kila sikukuu mzee huwashindanisha wajukuu kupiga penalti uani, kwa hiyo alipousoma ujumbe wa binti yake akaona hana la kuuliza. Alikuja na kiti chake cha kukunja, akahesabu hatua za kufikia mita 11 kutoka getini, akachora alama kwa kisigino. Alama ikaangukia sentimita chache kutoka kwenye vidole vya miguu yangu.

"Baba Nasra, sogea, umekaa kwenye kumi na nane."

"Baba, shikamoo. Naomba nibaki hapa hapa kidogo."

"Marahaba. Kwani unaumwa?"

Mjomba wa watoto, yule tunayemwita Chenji, alikuja na kuondoka bila kumenya hata ukwaju mmoja. Yeye simu yake ina kioo kilichopasuka, na neno alilosoma kupitia ule ufa lilikuwa mkwanja. Alipoambiwa hakuna mkwanja unaogawanywa, alikunywa chai, akaomba nauli, akapewa.

Ila wa kuandikiwa kitabu ni shemeji, kitinda mimba wao, tunayemwita Taiga. Alipomaliza shule hakupata kazi, akaenda kubeba mifuko ya wacheza gofu, kazi ya kedi, na akiwa huko nyuma ya mgongo wa watu wenye pesa zao akajifunza mchezo mpaka akaanza kuwashauri wao. Wengi wanaocheza gofu ya kulipwa hapa nchini wamepita njia hiyo hiyo ya kedi, na mimi namheshimu sana kijana huyu kwa hilo, hata kama sahani zangu hazisalimiki akitembelea. Kwa Taiga, mkwaju ni pigo moja la fimbo ya gofu. Ndivyo magazeti yanavyoandika pia: fulani amemaliza mashimo 18 kwa mikwaju 72. Jina lake la utani alijipatia kwa kusimulia mno habari za Tiger Woods pale Augusta mwaka 1997, kijana wa miaka 21 aliyechukua Masters kwa mikwaju 270, akimwacha wa pili kwa mikwaju 12. Taiga husema hiyo kumi na mbili kwa sauti ya chini, na macho yake yanalowana kweli.

Aliposoma ujumbe wa dada yake, alidhani hatimaye tumekubali watoto wafundishwe gofu. Alikuja na fimbo ya chuma namba 7 iliyokatwa mpini ili imfae mtoto, na soksi iliyojaa mipira iliyochubuka.

Mama mkwe alikuja wa mwisho, kwa miguu kutoka kituo cha daladala, na uso umekaza. Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu, na sisi wote bado tunamwita Mwalimu, hata mumewe. Darasani kwake mikwaju ilikuwa kitu kimoja tu, na vizazi viwili vya watu wazima bado vinanyoosha mgongo vikimwona sokoni. Aliposoma kwamba binti yake atamalizana na mkwaju, akili yake ilienda moja kwa moja kwa Idi na matokeo yake ya hesabu.

"Nani anachapwa hapa?" aliuliza kabla hata hajavua viatu. "Kanuni inasema viboko visizidi vinne, na kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu ni mimi, na sijatoa ruhusa. Mjukuu wangu haguswi."

Idi, aliyekuwa anamwaga mchanga kwenye ndala zake, alikimbilia kwenye doti la kanga za bibi yake akajificha, ingawa hakuna aliyekuwa na habari naye.

Basi piga picha ya uani. Mikeka ya Mama Nasra imetandikwa tayari kupokea ukwaju. Katikati ya mikeka kuna alama ya penalti. Pembeni msumeno. Chini ya dirisha la jiko la nje, ndoo kubwa ya ukwaju ulioloweshwa tangu usiku, rangi ya chai nzito, ukisubiri kukamuliwa. Na Taiga amekwishachimba shimo akadumbukiza kopo la maziwa ya unga, akalipima kwa futi kamba ya fundi wa msumeno ili limkaribie lile la gofu, ambalo upana wake ni milimita 108 popote duniani. Rundo la mchanga wa ukuta ambao sijaumaliza akalitangaza kuwa banka.

Nasra, binti yetu mkubwa, ndiye Mhasibu wa nyumba. Aliketi na bakuli la mbegu za ukwaju, zile ngumu za kahawia zinazong'aa ukizisugua, akasema kila mkwaju ataweka mbegu moja. Idi akasimama mbele ya mpira, ulimi nje, akapunga. Hewa. Akapunga tena. Hewa.

"Mbegu mbili," Taiga akasema.

"Anko, sijaugusa!"

"Ulikusudia kuupiga?"

"Ndiyo."

"Basi ni mkwaju. Ukipunga kwa kujinyoosha tu, hauhesabiwi. Ukikusudia mpira ukapiga upepo, ni mkwaju kamili. Gofu inahesabu nia."

Babu Refa hakuweza kukaa kimya juu ya sheria iliyotungwa bila yeye. Akamtaja Julián Álvarez wa Atlético Madrid, Machi 2025 dhidi ya Real Madrid, aliyeteleza akaugusa mpira mara mbili kwenye mkwaju wake, mpira ukaingia wavuni, refa akaufuta. Taiga akamjibu kwamba gofu tangu mwaka 2019 ukiugusa mpira mara mbili kwa bahati mbaya ndani ya pigo moja, unahesabiwa mkwaju mmoja, hakuna adhabu.

"Basi mchezo wako una huruma," Mwalimu akasema. Alikuwa ameshavutiwa, niliona. "Na mshindi ni nani, mwenye mikwaju mingi?"

"Hapana mama. Mwenye mikwaju michache."

Mwalimu akaweka mkoba chini. "Hata darasani kwangu ilikuwa hivyo hivyo," akasema, akavuta kigoda karibu na Mhasibu.

Jaribio la tatu la Idi liligusa. Mpira wa gofu una uzito usiozidi gramu 46, lakini ni mgumu, na ukipigwa sawasawa hauna adabu. Uligonga shina la mkwaju kando ya sikio langu, ukapita juu ya kofia ya Babu Refa, ukadunda kwenye bati la jiko la nje, ukashuka moja kwa moja kwenye ndoo. Mama Nasra alikuwa ameinama juu ya ndoo ile. Alipoinuka, kanga, mashavu na kope vilikuwa vya rangi moja.

"Majini!" Taiga akapiga kelele, hakuweza kujizuia. "Mkwaju mmoja wa adhabu!"

Babu Refa, aliyesikia neno mkwaju na neno adhabu yakifuatana, akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote na kunyoosha mkono kwenye alama yake. Wakaanza kubishana hapo hapo. Mmoja anasema mkwaju wa adhabu unapigwa, ndiyo haki ya aliyeonewa. Mwingine anasema haupigwi, unaongezwa tu kwenye hesabu ya aliyekosea. Wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwenye kiwanja chake, na wote wawili walikuwa wamesimama juu ya mikeka kwa viatu.

Ajabu ilitoka kwa Shangazi Redio. Alikuwa ameshika kifua, anautazama mti.

"Mmeona?" akasema. "Umerusha. Umejibu."

"Nani amejibu, Shangazi?"

"Mwenyewe. Mti umejitetea. Mti uliojibu haukatwi, wanangu. Zima hiyo mashine."

Nami sikuleta hoja ya fizikia. Mwalimu akaongeza uzito wake pale pale: akamwambia wifi yake kwamba watu wa Kinondoni wana mtaa wao Mkwajuni na watu wa Unguja wana Mkwajuni yao, na wahenga hawakuita mji kwa jina la kitu wanachokichukia. Shangazi akaitikia kwa kichwa. Niliinuka kwenye kiti changu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na magoti yalikuwa yamekufa ganzi.

Kijana wa msumeno, hata hivyo, alikuwa na madai yake, na yalikuwa ya haki. Amefunga safari, amenunua petroli. Tukakubaliana akate tawi moja kavu lililokuwa limelala juu ya bati. Alilikata kwa dakika chache na jasho jingi, maana mti wa mkwaju ni mgumu, mnyororo ulikuwa unalia. Mwalimu akaomba kipande kinene kwa ajili ya mchi wa kinu. Bei ya kindugu ilinifikia mimi, na hukuhitaji kuambiwa.

Mama Nasra hakugomba, na hilo ndilo la kuogopa. Aliosha uso, akafunga kanga nyingine, akatoa amri. Ile ndoo yenye mpira haiuzwi, lakini haimwagwi pia. Ukwaju una asidi kali inayokula kutu ya kijani kwenye shaba, na Mwalimu ana masinia yake ya shaba ya tangu harusi yake, yaletwe yasuguliwe. Aliyetajwa kusugua ni mimi. Taiga akaangue ukwaju juu mtini, kwa mikono, sio kwa fito, kwa sababu ukiuchapa mti unavunja vikonyo vitakavyochanua baadaye. Wengine wote chini, kumenya.

Sijui kama umewahi kukaa na ukoo mzima ukamenya ukwaju. Ganda likiwa kavu unalibana kwa dole gumba linapasuka lenyewe, linatoka vipande vipande kama ganda la yai. Ndani nyama imefungwa kwa nyuzi tatu nne zinazotoka kikonyoni mpaka nchani. Unazishika juu unazivuta chini, zinaachia. Kila mmoja hula mmoja kwa kila kumi, uso unakunjamana, jicho linafumba, na hakuna anayekiri. Shangazi alihadithia maisha ya watu wa mitaa mitatu. Babu Refa alimenya kwa zamu na saa mkononi.

Na Mwalimu aliendelea kumdadisi Taiga. Alichokipenda kuliko vyote ni handikapu, kule kumpunguzia mikwaju mchezaji dhaifu ili aweze kushindana kwa haki na hodari. Taiga akamwambia anayeanza kabisa anaweza kuhesabiwa mpaka 54. Mama yule alikaa na ukwaju mmoja mkononi muda mrefu. Akasema alifundisha miaka yote ile, watoto wakija shule bila chai, wengine wametembea toka mbali, na mtihani uliwapima wote kwa kipimo kimoja, na hakuwahi kupewa mahali pa kuandika mtoto huyu ameanzia wapi. Kisha akamwita Idi, akamuuliza saba mara nane. Idi akajibu hamsini na nne. Mwalimu akamwambia amekosea kwa mikwaju miwili tu, arudie.

Oda ilitoka saa kumi jioni, imechujwa mara mbili, ina tangawizi na iliki. Masinia yanang'aa, mikono yangu ilinuka ukwaju mpaka katikati ya wiki.

Uamuzi wa mwisho wa siku ile ulitolewa wakati wa kuaga. Mwalimu anataka kuona gofu yenyewe, sio ya kopo. Taiga atampeleka Lugalo, kwenye kile kiwanja cha jeshi, akaangalie watu wakimaliza mashimo yote 18, naye atahesabu mwenyewe. Babu Refa atakwenda ili kuthibitisha kwamba hakuna filimbi. Shangazi atakwenda kwa kuwa hawezi kuachwa. Mama Nasra ameshapanga viti vya gari: wazee mbele na kati, watoto mapajani, dumu la juisi kwenye buti, na bakuli la mbegu kwa Mhasibu. Taiga anasema wachezaji huanza asubuhi na mapema. Kwa hiyo Jumamosi ijayo naendesha, mafuta yangu, nawapitia wote kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na nimeambiwa Shangazi hataki kusubirishwa.